Nangila, Panzi wa Kiwanda cha Mbao

Dada yangu Nangila aliruka watu kwa miaka minne, na mpaka leo sijui kazi ile iliitwaje. Memsaab, mke wa mwenye kiwanda, aliiita kwa jina la kwao lililoanzia kooni na kuishia puani. Mwalimu wa shule aliiita drili. Mama aliiita wazimu. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kutamka neno baya, aliiita "ile kitu ya Nangila". Mimi nilikuwa miongoni mwa wale waliolala chini ili warukwe, kwa hiyo nina haki ya kusimulia. Kuelewa ni jambo lingine, hilo msinidai.

Tuliishi kwenye kiwanda cha mbao, barabara ya Turbo, kabla hujafika njia ya kukatia kwenda Sugoi. Mji wa Eldoret tuliuita Sisibo kama kila mtu alivyouita siku zile. Baba, jina lake Murunga, alitoka Kimilili akiwa kijana, akafanya kazi ya msumeno hapo kiwandani mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Kazi ile ina sheria zake, na sheria ya kwanza ni filimbi ya nyapara. Ikilia mara moja, kila mtu anaganda hapo alipo, hata kama ameinua mguu, maana kuna gogo limeachiwa na hujui linakuja upande gani. Ikilia mara mbili, gogo limetulia, endelea na kazi. Jirani yetu Wangila alisikia moja akakimbia. Tangu siku ile akawa mtu wa mguu mmoja na mkongojo, na akina mama walimtumia kutufundishia adabu.

Mwenye kiwanda alikuwa mzungu wa Denimaki, mtu mkimya aliyependa mbao kuliko watu. Mkewe, Memsaab Inga, alipenda watu lakini hakuwa nao. Hakuwa na mtoto, na wazungu wengine wa huko walikaa mbali, tena wengi walikuwa Makaburu ambao hawakumpendeza. Kwao, enzi za usichana wake, alikuwa mrukaji wa sifa. Basi siku moja, mwaka wa arobaini na tisa, alitokea kwenye nyumba za wafanyakazi akiwa amevaa suruali fupi, filimbi shingoni, akasema anataka wasichana.

"Wasichana ya nini, Memsaab?" Mama alimwuliza.

"Mimi nataka fundisha mwili," Memsaab akajibu.

Mama alituangalia miili yetu asione imekosa nini. Lakini mke wa tajiri akiomba hutamwuliza mara tatu. Tukaenda kumi na wawili, Wabukusu na Wamaragoli wa pale kiwandani, na Wanandi wachache wa kutoka mashamba ya karibu, mmoja wao Rael, ambaye mtamsikia tena.

Tulijifunzia ndani ya banda la kukaushia mbao. Memsaab alimwambia Baba atengeneze boriti ya mti wa podo, ndefu, nyembamba kama upana wa kiganja, ailainishe mpaka isiwe na kibanzi. Baba aliipiga msasa siku nzima huku akiuliza ni ya nyumba gani. Akaambiwa si ya nyumba, ni ya kutembelea juu. Akaendelea kupiga msasa, lakini nilimwona anasimama mara kwa mara kuitazama, kama mtu aliyeambiwa apike mawe. Halafu akatengeneza farasi wa mbao asiye na kichwa wala mkia, na ubao unaodunda wa kurukia. Magodoro yalikuwa magunia tuliyoyashindilia unga wa mbao, na ukianguka vibaya unga ulikuingia masikioni ukalala nao mpaka Jumapili.

Wengine wetu tulipanda boriti tukashuka kama maboga. Nangila alipanda akatembea. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, miguu mirefu, na nyumbani alikuwa mtu wa kuvunja vikombe. Juu ya ile boriti hakuvunja kitu. Alifika mwisho, akageuka kwa kidole gumba cha mguu, akarudi, na uso wake ukawa na utulivu ambao sijauona kwa mtu mwingine isipokuwa mama anayenyonyesha. Memsaab aliiacha filimbi ikaning'inia. Nilimwonea dada wivu, na sioni aibu kulisema.

Nyumbani kulikuwa na Kukhu, mama yake Baba, bibi kizee mwenye jina la Nanzala na mwiko kwa kila kitu. Aliposikia mjukuu wake anapanda boriti, aliacha kula. Kwetu mwanamke hapandi paa wala hakanyagi boriti baba yake akiwa hai, maana ni kama kumwambia nyumba yako haina mwenyewe. Baba, kama mzee wa kanisa, alikuwa akisimama kila Jumapili na kutangaza kwamba mambo ya miiko ni giza. Lakini mama yake alipoacha kula ilibidi afikirie.

"Hiyo boriti haina nyumba juu yake, Mama," alimwambia mwishowe. "Kama haina nyumba, si paa. Ni mti tu umelala."

Kukhu alitafuna jibu hilo kwa muda, kisha akatafuna ugali. Mimi sikujua kama Baba alikuwa ameushinda mwiko au ameutii. Nilidhani nikikua nitajua.

Tabu ya kweli ilikuja Memsaab alipotuambia tulale chini. Alitaka wasichana walale kwenye magunia wakiwa wamebanana, bega kwa bega, na Nangila aje mbio, akanyage ubao, aturuke wote kwa mara moja. Hakuna aliyelala. Rael mwenyewe, ambaye kwao si kwetu, alikunja mikono akakataa, maana hata Wanandi wanalijua jambo hili. Ukimruka mtu aliyelala, umemfunga. Mtoto harefuki tena, msichana hazai, mtu mzima nguvu zinampungua. Dawa ni moja tu, umruke tena kurudi ulikotoka. Kukhu aliongeza la kwake, kwamba urudi kinyumenyume, kama mtu anayeifungua kamba aliyoifunga. Na mtoto akimruka mzazi wake? Hilo Kukhu hakupenda kuulizwa. Alisema tu, "Amechimba," na hakusema amechimba nini.

"Kwa nini nyinyi hapana lala?" Memsaab alituuliza. Tukatazama chini. Utamwelezaje mzungu jambo kama hilo kwa Kiswahili cha jikoni?

Nangila ndiye aliyetuokoa. Alituambia kwa sauti ya chini, "Laleni tu. Nitawarudia."

Tukalala. Aliruka, nikauona mwili wake ukipita juu yangu, na upepo wake ukanipiga usoni. Memsaab akapiga makofi, akaenda kuweka ubao sawa. Alipogeuka tu, Nangila akaturudia. Mwanzoni alirudi kwa namna mbovu, anajirusha kinyumenyume kwa viganja na kutuangukia vifuani, nasi tunaguna. Lakini deni la namna hiyo ukilirudia kila siku, mwezi kwa mwezi, mwili unajifunza wenyewe. Akawa anakuja mbio, anatia mikono chini, anageuka akiwa hewani, na mgongo unatangulia, miguu inapita juu ya kichwa, anatua upande wa pili wima kama mwiko wa ugali kwenye sufuria. Kwenda alikuwa mzuri. Kurudi ndiko kulikomfanya awe Nangila.

Siku Memsaab alipomwona, alikaa chini kwenye unga wa mbao na suruali yake nyeupe.

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Ni Kukhu, Memsaab."

"Kukhu ni nani?"

"Nyanya yetu."

Kesho yake Memsaab alifika kwetu na kilo ya sukari, akamwinamia Kukhu kwa heshima kubwa, akamwomba aonyeshe. Kukhu, ambaye alikuwa hatoki hata nje bila kushikwa mkono, aliuliza anaombwa aonyeshe nini. Tukamtafsiria kwamba Memsaab anataka amwone akiruka kinyumenyume. Kukhu alimtazama yule mama wa kizungu kwa huruma, akachukua sukari, akatuambia tumpe uji maana huenda ni jua. Memsaab akanywa uji. Akaondoka akiamini kwamba Wabukusu wana ufundi wao wa siri ambao wazee hawauonyeshi hadharani. Kwa njia fulani hakukosea, lakini hakuna aliyejua namna ya kumwambia amepatia wapi na amepotea wapi.

Baada ya hapo tukaanza kupelekwa. Tulikwenda Kitale, tukaenda Nakuru, tukipanda nyuma ya lori la mbao pamoja na farasi wetu asiye na kichwa. Tulivaa suruali za bluu zenye mpira magotini, ambazo Mama alisema tukizikwa nazo asiulizwe. Watu walimwita Nangila Panzi. Huko Nakuru wazungu walisimama kumpigia makofi, wanaume wakavua kofia, na mama mmoja akalia. Kisha tukaambiwa tule nyuma ya jikoni, karibu na mbwa. Nilimwuliza dada, "Sasa wanatupenda ama hawatupendi?" Akasema kula kwanza.

Sasa niseme lililokuwa moyoni mwake, maana bila hilo hamtaona uzito wa siku ile. Mwaka wa hamsini na mbili Memsaab alitusomea gazeti kwamba huko Helsinki wasichana wa nchi nyingi wameshindana kwa boriti na farasi, wakipewa alama. Nangila alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo neno lile likawa la kwake. Akiteka maji mtoni utamsikia, "Helisinki." Akipepeta mahindi, "Helisinki." Wakati huo wachumba walishaanza kuja, na Baba alishaanza kuwakaribisha chai. Nangila alikuwa anaingia jikoni na kuninong'oneza, "Nelima, mimi siolewi. Mimi nina kazi." Kazi gani hakuweza kusema, lakini aliitaka kwa mwili wake wote, na kila aliyelala chini ya miguu yake alilijua hilo.

Ndipo ikaja habari ya sherehe za kumvisha taji Malkia, mwezi wa sita mwaka wa hamsini na tatu. Tungeonyesha mchezo uwanjani Sisibo. Na mama mkubwa wa mazoezi, mzungu wa kutoka Nairobi, angekuja kuchagua msichana mmoja Mwafrika wa kwenda kusomea kazi hiyo huko Nairobi, na akifanya vizuri, mbele zaidi. Memsaab Inga alimwambia Baba mbele yetu sote kwamba msichana huyo ni Nangila. Baba aliuliza kama huko kuna kanisa. Akaambiwa lipo. Akasema, "Basi kama atachaguliwa, nitamwacha aende." Na chai ya wachumba ikasimama.

Yule mama mkubwa alifika siku moja kabla, akaomba kututazama tukijaribu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mkoba wa ngozi ambao hakuuweka chini. Alipenda boriti. Alipenda farasi. Nangila alipoturuka alitikisa kichwa kukubali. Lakini Nangila aliporudi kinyumenyume, alifunga macho kama aliyeona mtu anaoga. Wakabishana na Memsaab Inga kwa lugha yao kwa muda mrefu, na Memsaab akawa mwekundu shingoni. Mwishowe yule mama akamgeukia Nangila.

"Hii ni sarakasi ya sokoni," alisema. "Hapana kazi ya msichana. Kesho wewe naruka mbele, nasimama, basi. Kama wewe narudi nyuma, hapana enda Nairobi. Nasikia?"

"Nasikia, Memsaab," Nangila akajibu.

Sisi tuliokuwa chini hatukuinuka haraka. Tulikuwa tunatazamana. Rael ndiye aliyeuliza, tulipobaki peke yetu, "Sasa kesho sisi tutabaki tumefungwa?"

"Nitawarudia," Nangila alisema. "Sherehe ikiisha, nyuma ya hema. Mtalala tena, nitawarudia mmoja mmoja. Nani amewahi kuona nimemwacha mtu?"

Hakuna aliyewahi. Tukakubali, na nilifurahi sana usiku ule, nikamwona dada yangu tayari yuko Helisinki, mahali ambapo kwa akili yangu palikuwa kama Kisumu lakini pana baridi.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wazungu kwenye viti kivulini, Wahindi upande wao, sisi Waafrika juani tumesimama nyuma ya kamba. Bendi ya polisi ilipiga mpaka ngoma ikanitetemesha tumbo. Baba alikuwapo ndani ya uwanja kwa sababu yeye na wenzake wawili ndio waliobeba vifaa. Alivaa koti lake la kanisa na kofia, akasimama pembeni ya farasi mikono nyuma.

Boriti ikaenda vizuri. Farasi akaenda vizuri. Ikabaki kuruka watu. Kati ya wale kumi na wawili wanne walishaolewa, tukabaki wanane pamoja na Nangila, na hapo tukagundua kwamba tumepungua tena. Msichana mmoja wa Kimaragoli, Kavetsa, alikuwa ameamka na homa, na programu iliyoandikwa na wazungu ilisema watalala saba. Memsaab Inga aliangaza macho huku na huku, na macho yake yakamwangukia Baba.

"Murunga! Kuja. Lala hapa."

Baba alimtazama Memsaab, akatazama magunia, akatazama watu wote wale. Mke wa tajiri wako amekuita kwa jina mbele ya Sisibo nzima, utasema nini? Alivua kofia akaiweka juu ya farasi. Akaja akalala mwishoni, pembeni yangu mimi, na koti lake la kanisa. Alinuka podo na sabuni.

Niliinua kichwa kidogo nikamwona Nangila kule mbali kwenye mstari wa kuanzia. Alikuwa ameona. Sura yake ilikuwa imepotea kabisa, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Sisi angeturudia nyuma ya hema. Lakini utamwambiaje baba yako, mzee wa kanisa, aje alale nyuma ya hema umruke kwa ajili ya mwiko anaoukemea kila Jumapili? Na ukikataa kuruka, mbele ya mama wa Nairobi, umekataa kila kitu. Memsaab aliinua mkono. Nangila akaja mbio. Niliisikia miguu yake, nikausikia ubao, akapita. Upepo wake ukanipiga usoni kama siku zote, kisha ukampiga Baba.

Akatua wima. Makofi yakalia. Memsaab akapiga filimbi, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu ya kuinuka upesi, tukimbie tukajipange mstari na kusalimu bendera. Wenzangu wakaanza kuinuka. Mimi nikataka kuinuka, nikashindwa. Mkono wa Baba ulikuwa umepita juu ya kifua changu, mzito kama gogo, umenibana chini. Nikamgeukia. Alikuwa amefumba macho na midomo inacheza.

Memsaab akapiga filimbi tena. Baba akanibana zaidi. Wenzangu, waliokuwa wameshapiga magoti, walimwona Mzee Murunga bado amelala, wakafikiri yeye anajua zaidi, wakarudi chini mmoja baada ya mwingine. Bendi ilianza wimbo, ikaacha, ikaanza tena. Filimbi ikalia mara ya tatu. Watu nyuma ya kamba wakaanza kunong'ona. Waafrika wenzetu walijua tunangoja nini. Wazungu hawakujua, wakaendelea kutazama karatasi za programu.

Nangila alisimama upande wa pili, mgongo wake kwetu, kama alivyofundishwa. Kisha akageuka. Alimtazama Baba amelala palepale, amefumba macho, mkono umembana binti yake mdogo. Alimwelewa. Sote tulimwelewa. Mzee wa kanisa, mkemea giza, hataki kuinuka mpaka arudiwe. Nangila akamtazama yule mama na mkoba wake. Niliomba asirudi, na niliomba arudi, yote mawili kwa pumzi moja, na Mungu akijua nilitaka lipi basi ananijua kuliko ninavyojijua.

Akarudi. Alichukua mbio kutoka kule, akatia mikono, akageuka hewani, mgongo ukatangulia. Alianza na Baba, akamalizia na Rael, akatupita wote saba, akatua upande aliotoka. Kisha nyuma ya kamba kukalipuka vigelegele, na wazungu nao wakalipuka wakidhani hicho ndicho kilele cha programu. Memsaab Inga alikuwa analia huku anacheka. Yule mama wa Nairobi alifunga mkoba wake, ukalia ka!

Rael ndiye aliyechaguliwa. Rael hakuwa mbaya, na alikuja kwetu akasimama mlangoni akisema, "Nangila, hii ni yako, mimi sitaenda." Nangila akamfungia mkanda wa sanduku mwenyewe. "Wewe enda," alisema. "Hata Helisinki ukifika, usirudi nyuma." Rael hakujua acheke au alie, naye akaenda, akawa mwalimu.

Kukhu aliposimuliwa alimshika Nangila kichwa kwa mikono miwili akakaa naye hivyo mpaka chakula kikaiva. Baba alikula, akasali, akalala. Hakumshukuru, hakumkaripia. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, na mimi nikangoja nisikie atasema nini juu ya miiko. Alisoma tangazo la mchango wa mabati. Na kwetu baba haulizwi. Ungemwuliza, ungekuwa unamwambia, "Mzee, tulikuona." Kwa hiyo tulimstahi.

Mwaka uliofuata yule mzungu aliuza kiwanda, na Memsaab Inga akarudi kwao. Siku ya kuondoka alimkumbatia Nangila mbele ya watu, jambo lililoshangaza kila mtu. Boriti Baba aliiomba kwa tajiri mpya, akaipigilia miguu, ikawa benchi la kanisa. Akina mama hulikalia upande wa kushoto. Nangila akija hukaa mwishoni kabisa mwa benchi hilo, na nimemwona akilipapasa chini kwa vidole wakati wa sala. Aliolewa na karani wa reli hapo mjini, Shitanda, mtu mpole. Akazaa. Akanenepa kidogo. Tulipopiga hodi kwake tulimkuta kila mara ana kazi za mikono, na vikombe vyake vingi havikuwa na masikio.

Krismasi ya mwaka wa hamsini na nane tulikusanyika kwa Baba. Kukhu alikuwa ameshafariki. Tulikuwa mezani, kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi, na Baba, ambaye umri ulikuwa umemlegeza ulimi, akaanza kumsifia Nangila kwa mkwe wake.

"Huyu mke wako, usimwone hivi. Alikuwa anaruka watu kama hakuna mtu."

Nangila aliweka chini kipande cha nyama. Sijui alipata wapi ujasiri. Labda ni kwa vile sasa alikuwa mama wa watu, labda ni kwa vile Kukhu hakuwapo.

"Baba," alisema, "siku ile ya Malkia. Kwa nini hukuinuka?"

Mama alianza kuokota makombo ambayo hayakuwapo. Baba alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini jua linatoka.

"Kuinuka namna gani?" alisema. "Si filimbi ililia moja?"

Mama aliacha kuokota makombo.

"Ililia moja," akaendelea. "Nikasema kuna gogo limeachiwa mahali. Nikangoja ya pili. Yule mama akapiga tena, lakini moja. Anakaa, anapiga moja. Nikasema leo gogo ni kubwa. Na Nelima hapa alikuwa anataka kuinuka, mtoto hajui filimbi, nikamshika. Nikawa naomba Mungu likija lipite kwangu, lisipite kwake."

"Na niliporudi juu yako?" Nangila aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nilifumbua macho, nikaona miguu inapita. Nikafikiri ndiyo programu."

Alirudia kula. Mimi niliuhisi mkono ule kifuani kwangu upya, baada ya miaka mitano. Nilimkasirikia. Nilimpenda. Nilitaka kumpiga na nilitaka kukaa miguuni pake. Halafu nikaanza kujiuliza kama anasema kweli, maana mzee wa kanisa akitaka kufunika jambo atapata wapi blanketi zuri kuliko hilo? Lakini nilimtazama usoni, kuna mafuta ya kuku kidevuni, sikuona mahali pa kuficha uongo. Mpaka leo sijui.

"Baba," Nangila akasema tena. "Na kama nisingerudi?"

"Ningengoja," Baba alisema. "Ya pili ni lazima ilie."

Nangila alicheka. Ilikuwa sauti fupi, na mumewe alimshika mkono, maana machozi yalikuwa yameshafika. Aliutoa mkono wake taratibu. Kisha dada yangu, mama wa watoto wawili, mbele ya baba na mumewe, katika nyumba ambayo tulifundishwa kwamba mwanamke hapigi mluzi, alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mara mbili.

Baba akasimama. Hakufikiria, alisimama tu, wima, mfupa wa kuku mkononi, akatazama huku na huku kama anatafuta msumeno wake. Wakatazamana, yeye na Nangila, kwa muda. Nikaona kitu kinaanza kumfikia Baba usoni, polepole, kama mtu anayeanza kuhesabu Nairobi ilipotelea wapi.

"Kaa sasa, Baba," Nangila akamwambia. "Chakula kinapoa."